Kijiti Nilichokiweka Chini

Juzi nilikwenda dukani kutafuta koki ya bomba la jikoni. Pale barazani kijana wa duka alikuwa anakata bomba jeusi la plastiki kwa msumeno, na plastiki ikipata joto la msumeno inatoa harufu fulani, ninyi mnaijua, inakaa kooni mpaka jioni. Nikajikuta nimevimba kwa hasira. "Mama, kuna tatizo?" kijana akauliza. Nikamwambia hakuna, kata tu mwanangu. Uongo. Tatizo lipo, na lina umri mkubwa kuliko yeye. Kijiti chetu cha mbio za kupokezana kilikuwa kipande cha bomba kama lile. Mwalimu wa michezo alikikata mwenyewe mbele yetu, akasugua kingo zake kwenye jiwe, akakipaka rangi nyekundu iliyobaki kwenye milango ya ofisi. Kwa ajili ya kijiti hicho nilichapwa mbele ya shule za wilaya nzima, nikanyang'anywa kitu nilichokuwa nimekishinda kwa miguu yangu mwenyewe. Watu huniambia, aa, Veronika, hayo ya utotoni, samehe. Nimsamehe nani? Hakuna aliyewahi kuniomba.

Ninyi wa rika langu mliosoma sekondari za kutwa kule juu Mbulu hamhitaji kuelezwa baridi. Sketi imelowa umande mpaka magotini, sweta limefumwa na mama kwa nyuzi za rangi mbili kwa sababu ya kwanza ilikwisha njiani, vidole havishiki kalamu mpaka saa nne. Sekondari yetu ilikuwa upande wa kata ya Daudi, madarasa machache na uwanja wenye mteremko, ukipiga mpira unaufuata mtoni. Na ule ulikuwa wakati wa mambo kufunguka. Mitumba ilijaa minadani mpaka unamkuta mchunga mbuzi amevaa koti la suti. Redio za watu binafsi zilianza kusikika kutoka Arusha, ukipanda kilimani ukainua antena na kutulia bila kupumua. Mkoa wetu wa Manyara ndio kwanza ulikuwa umekatwa, na wazee walikuwa bado wanabishana kama sisi sasa ni watu wa wapi.

Mimi kidato cha pili nilikuwa na ugonjwa wa kujiendeleza. Nilikuwa na ratiba ukutani juu ya kitanda, imebandikwa kwa ugali. Kuamka, kuoga maji ya baridi, kukimbia, kukariri, kusaidia kazi, kusoma, kulala. Maji ya baridi ya Mbulu asubuhi, jamani, si mchezo, lakini nilikuwa nimesikia redioni kwamba yanakaza misuli, basi nikajimwagia huku nasaga meno. Hobi yangu ilikuwa moja tu, kukimbia. Nilikimbia kwenda shule na kurudi, daftari nimezifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, katambuga zangu za tairi nimezishika mkononi zisiishe. Kokoto nilikuwa naiweka chini ya ulimi ili nisisikie kiu. Na kwa kuwa kemia ilikuwa inanitesa, nilikimbia nikiimba elementi, hatua kwa hatua: haidrojeni, heliamu, lithiamu, beriliamu. Nikipumua vizuri nilifika kalisiamu nikiwa darajani. Siku niliyokwama kwenye florini nilijua nimekimbia vibaya.

Baba aliniona kama kichekesho. "Hizo mbio zinapikwa?" alikuwa ananiuliza mbele ya wageni, na wageni wanacheka. Mama ndiye hakucheka. Mama aliichukua sketi ya mtumba, akaikata, akanishonea bukta kwa mkono, tumbo lake likiwa kubwa, amekaa mlangoni kufuata mwanga. Ilikuwa na maua. Nilipoivaa shuleni wavulana walinipigia miluzi, lakini nilipowapita uwanjani miluzi ilikoma.

Mwalimu wa michezo aliitwa Mwalimu Mwaisaka. Alitoka Tukuyu, kwa hiyo baridi yetu haikumtisha hata kidogo, na mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, kazi yake aliijua. Alikuwa na saa ya mkononi yenye vitufe vinne, na alisimama mwisho wa mstari akiibonyeza kwa kidole gumba kama anamfinya mtu. Siku moja aliiangalia saa, akaniangalia mimi, akaiangalia tena. "Veronika," akasema, "mwaka huu wewe utakwenda Babati." Watakaoshinda wilayani wangeshuka Babati kukimbia mbele ya mkoa mpya. Timu ya kwanza kabisa! Mimi mbali nilikokuwa nimefika ni Mbulu mjini na kule Hanang kwa mjomba. Nilitaka kwenda Babati kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani. Nilikuwa nalala nikijiona nimepanda lori, nimeshika chuma cha ubavuni, upepo unanipiga usoni.

Nilikuwa nakimbia mita mia nane, na pia nilikuwa wa kwanza katika mbio za kupokezana. Nilikuwa nafungua, halafu namkabidhi kijiti rafiki yangu Paskalina. Tulifanya mazoezi hayo mpaka mikono yetu ikajuana. Paskalina alikuwa mcheshi, mrefu, na kila jioni alikuwa na mdogo wake mgongoni, maana mama yake naye alikuwa amejifungua karibu wakati mmoja na mama yangu. Tulikuwa tunawalinganisha wadogo zetu kama watu wanavyolinganisha ndama. Wa kwake mnene, wa kwetu mwembamba lakini mwenye sauti. Wa kwetu alizaliwa siku ya mvua, akaitwa Tluway, yaani mvua kwa Kiiraqw.

Tluway alikohoa majira ya baridi yalipoanza. Zahanati walimpa dawa, akapata nafuu, akakohoa tena, na asubuhi moja nilirudi kutoka kwenye mazoezi nikamkuta bibi, ambaye tulimwita Ama, ameketi kwenye kizingiti ameziba mdomo kwa kiganja. Nikajua.

Tulimzika. Sisemi zaidi ya hapo, maana hata wakati ule hakuna aliyesema zaidi. Kuanzia siku hiyo jina lake halikutajwa nyumbani kwetu. Badala yake zilikuja sheria za Ama. Kwa wazee wetu, nyumba iliyofiwa na mtoto anayenyonya inaingia metimani. Inajitenga na wengine kwa muda mrefu ili kifo kisivuke kwenda kwa jirani. Ng'ombe wetu hawakuruhusiwa kuchangamana na wa watu. Maji tuliteka chini kabisa ya kijito, wengine wakishaondoka. Moto hatukuomba wala hatukuombwa. Mama ndiye aliyebanwa kuliko wote, yeye hakutakiwa kutoka nje ya boma. Padri alishahubiri dhidi ya mambo hayo mpaka sauti ikamkauka. Jumapili watu walisema amina, Jumatatu wakatupisha njiani.

Baba na Ama walijadiliana kuhusu mimi nikiwa hapo hapo, kana kwamba wanajadili mbuzi. Shule ni ya serikali, baba alisema, asipokwenda wataleta mgambo. Ama akakubali kwa masharti, akaniita. "Utakwenda. Lakini kikombe chako, sahani yako. Usipokee kitu mkononi mwa mtu, wala usimpe mtu kitu mkononi. Ukitaka kumpa mtu kitu, weka chini, aokote mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia, Ama."

"Na usiende kuyasemasema huko."

Hakunieleza kwa nini. Mtoto usipomweleza anajieleza mwenyewe, na mimi nilijieleza hivi: kifo cha Tluway kimekaa kwenye viganja vyangu. Nilikuwa nimembeba, nimemfuta makamasi, nimemshika mkono akiwa na homa. Basi kimebaki. Nilikuwa nanawa mpaka ngozi inawasha. Nilikuwa naviangalia viganja darasani, naviona ni vilevile, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Baba je? Baba alikuwa anakwenda mnadani. Ndiyo. Siku ya mnada alivaa koti lake, akapita njia ya nyuma ya zizi, akapanda gari kwenda upande wa Hanang, kule Gehandu, ambako hakuna anayejua mlango wetu una nini. Alishika mikono ya watu, akala nyama choma nao, akanywa pombe kwenye kata moja ya kibuyu na rafiki zake Wabarbaig, akarudi ananukia mafuta. Na mimi, mjinga wa Mungu, sikuona kosa lolote. Niliamua tu kwamba mikono ya wanaume haibebi kifo. Nilikuwa na miaka ya kutosha kujua elementi, lakini hilo niliamini kabisa, na nilimwonea baba wivu.

Shuleni watoto wa kwetu walijua bila kuambiwa. Waliniachia nafasi kwenye benchi, na kikombe changu hakuna aliyekigusa. Paskalina alikaa karibu kadiri alivyoruhusiwa na mama yake, akawa ananichekesha kwa mbali. Walimu wageni ndio hawakujua. Nilikusudia kumwambia Mwalimu Mwaisaka, haki ya Mungu nilikusudia. Nilikwenda mpaka mlango wa ofisi ya walimu. Ndani nikawasikia wanacheka, mmoja anahadithia jinsi alivyomwona mzee fulani anakataa kupokea chumvi mkononi, na Mwalimu Mwaisaka anasema, "Huku ushirikina umeota mizizi, mtani wangu." Na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Mwalimu Lohay, wa jiografia, mzaliwa wa Endagikot, Mwiraqw kama mimi, ambaye bibi yake na Ama walikuwa wanasalimiana. Nikageuka nikarudi darasani.

Siku ya mashindano tulikusanyika Mbulu mjini, shule kwa shule, bendera za vitenge. Mita mia nane zilikuwa asubuhi. Nilishinda. Sielezi sana, nisije nikaonekana najisifu, lakini nilishinda kwa kuwaacha, na bukta yangu ya maua, na nilipofika mwisho nilikuwa bado nina pumzi ya kurudi. Mwalimu Mwaisaka aliruka juu. Aliitaka mikono yangu aishike, nikaificha nyuma, akadhani ni haya ya kike, akacheka. "Babati hiyo!" akapiga kelele. "Babati hiyo, Veronika!" Nafasi ilikuwa yangu. Ilisomwa kwenye kipaza sauti.

Mchana zikaja mbio za kupokezana. Nilikuwa nimejiambia usiku kucha kwamba itawezekana, kwamba kijiti si mkono, ni bomba tu. Mwanzo nilikiokota mwenyewe kwenye nyasi, kwa hiyo hapo hapakuwa na shida. Nikakimbia. Nilitangulia. Nikakunja kona ya mwisho nikamwona Paskalina ameanza kujongea, uso mbele, mkono nyuma, kiganja wazi kinanisubiri. Nikakiona kile kiganja. Nikamwona akilini mdogo wake, yule mnene, atakayebebwa kwa mkono huohuo jioni hiyohiyo. Mwili wangu ukaamua kabla yangu. Nilisimama, nikainama, nikakiweka kijiti chini, pembeni ya mguu wake. Sikukitupa! Watu wote walisema nilikitupa. Nilikiweka taratibu kama mtu anavyoweka yai.

Paskalina aligeuka, akaniona, akaelewa palepale, maana ni wa kwetu. Hakuuliza. Alikiokota akaondoka mbio. Lakini mwamuzi alikuwa ameshainua bendera nyekundu. Kijiti kikianguka, aliyekiangusha ndiye anayekiokota, na mwingine akikiokota shule imetoka. Tukatoka. Shule nzima ikatoka, tulikuwa tunaongoza.

Loo, kelele zile. Mwalimu Mwaisaka alikuja akiwa na kijiti chenyewe mkononi. "Umetupa kijiti! Kwa nini umetupa kijiti?" Ningesema nini, na Ama alishanikataza, na wao walishacheka? "Nakuuliza wewe! Umeshashinda ya kwako, sasa wenzako hawana maana, siyo?" Nikatikisa kichwa. "Jeuri!" Akanichapa kwa kile kijiti, miguuni, kwenye mapaja, juu ya yale maua, shule zote zikitazama, na plastiki ikipiga ngozi inalia kwa namna yake. Nilimtafuta Mwalimu Lohay kwa macho. Alikuwa hapo, hatua chache tu. Yeye alijua. Aliniona nikiweka chini, na hakuna Mwiraqw atakayeona mtu anaweka kitu chini kwa namna ile asijue kwa nini. Nilimtazama usoni nikamwomba kwa macho. Akainama, akafunga kamba ya kiatu chake. Kiatu kilikuwa kimefungwa.

Yule wa Tukuyu nina kesi naye, lakini kesi yangu na wa Endagikot ni kubwa zaidi. Mgeni hakujua. Yule alijua, akaona heri mtoto achapwe kuliko wenzake wa ofisini wamwone naye ni mtu wa kizamani. Anayejua akanyamaza, huyo mnamwitaje?

Mwalimu Mwaisaka alipochoka alisema, "Babati huendi. Mimi sipeleki jeuri Babati." Akaenda palepale kwenye meza ya viongozi, na nafasi yangu akapewa msichana wa pili, wa shule nyingine, niliyekuwa nimemwacha kwa mbali asubuhi ileile.

Nyumbani niliwaambia wote watatu. Ama alifurahi. Hakika alifurahi, akanisugua mapaja kwa mafuta ya kondoo, akasema, "Umefanya vizuri. Umemlinda mtoto wa watu." Hiyo ndiyo zawadi pekee niliyopata, na siwezi kumchukia Ama, maana aliamini kila neno lake. Nikamgeukia baba. Nilikuwa na hakika ataamka kesho yake aende shuleni. Mwanaume mzima, anajua Kiswahili vizuri, anaheshimika. Nilimwomba. "Baba, ukiwaambia watanirudisha. Timu bado haijaondoka."

"Ya nyumbani ni ya nyumbani," alisema. "Hayapelekwi kwa watu."

"Lakini nilishinda, baba."

"Mbio zenyewe hizo!" akasema, akatafuta tumbaku yake.

Mama alikuwa kwenye moto, anakoroga. Tangu tumzike alikuwa hasemi sana, alikuwa kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chumba cha pili.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Mimi nilikwenda shule, miguu imevimba, na mengine haya ya nyumbani nilisimuliwa baadaye na Ama mwenyewe. Baba alivaa koti, akapita nyuma ya zizi. Mama alimtazama mpaka akapotea kwenye mahindi. Halafu akanawa uso, akafunga kitenge chake cha kanisani, akatoka mlango wa mbele. Ama akamwuliza unakwenda wapi. Mama alishika barabara kubwa, katikati, mchana kweupe, mwanamke aliye metimani, na watu walikuwa wanaruka kwenye mahindi kumpisha. Alikuwa anawasalimia mmoja mmoja kwa majina. Hakuna aliyeitikia.

Ilikuwa mapumziko tulipomwona anaingia getini. Walimu walikuwa wameota jua mbele ya ofisi, Mwalimu Mwaisaka akiwa na kikombe cha chai, Mwalimu Lohay pembeni yake. Mwalimu Mwaisaka alimwona mgeni, akasimama kwa adabu. "Karibu, mama. Shikamoo." Akanyoosha mkono.

Mama alikuwa ameificha mikono yake ndani ya kitenge. "Marahaba, mwalimu. Usinipe mkono."

Mwalimu akabaki mkono ukiwa hewani.

"Nikikupa mkono, kwetu sisi nimekupa msiba wangu," mama akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, alikisema polepole, akikanyaga kila neno. "Nimefiwa. Mtoto wangu. Anaitwa Tluway. Alikuwa ananyonya. Sisi hatupi mtu kitu mkononi mpaka iishe. Huyu Veronika hakutupa kijiti chako. Alikiweka, mwenzake asipate kifo. Mwenzake ana mdogo nyumbani. Ndiyo maana."

Mimi nilikuwa nimesimama dirishani nasikia jina la mdogo wangu linatajwa kwa sauti, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu tumfukie. Paskalina akaanza kulia. Mwalimu Mwaisaka aliushusha mkono, akamgeukia Mwalimu Lohay. "Wewe ulijua haya?"

"Mambo ya zamani hayo, mwalimu," Lohay akasema. "Sikudhani bado watu wanayafuata."

"Nimekuuliza ulijua?"

Mwalimu Mwaisaka akaweka kikombe chini, akachukua baiskeli, akateremka kwenda Mbulu mjini bila hata kofia. Alirudi jua likiwa limeelekea magharibi, nikamwona anatembea kwa miguu akiisukuma baiskeli, nikajua kabla hajafika. Nafasi ilikuwa imeshajazwa na viongozi hawakutaka kubadili, waliona ni usumbufu. Alinikuta kwenye ngazi ya darasa. "Nimechelewa," akasema. Akasema tena, "Nimechelewa, Veronika." Samahani hakusema. Walimu wa wakati ule neno hilo hawakufundishwa chuoni. Lori liliondoka na wenzangu. Babati nilikuja kuiona nikiwa mtu mzima, naenda kufuatilia cheti cha kuzaliwa, na niliipita bila kutazama kulia wala kushoto.

Jioni ile nilirudi na mama, aliyekuwa amenisubiri nje ya geti. Habari ilikuwa imetutangulia, majirani walikuwa wamekwishampelekea Ama. Tulimkuta amesimama mlangoni. "Umevunja," alimwambia mama. "Umepita kwenye njia ya watu, umesimama mbele ya watoto wa watu. Tunaanza upya. Hesabu ya mwanzo imekufa."

Baba alikuwa amesharudi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ndevu zinang'aa mafuta, na pembeni yake kifurushi cha nyama aliyotuletea.

Mama akamwangalia Ama, si baba. "Sawa, mama mkwe," akasema. "Na huyu naye ametoka mnadani, mwanzishie na yeye."

Wanasema sheria ni msumeno, unakata mbele na nyuma. Ule wa kwetu ulikuwa na meno upande mmoja. Ama akasema mwanaume hutoka kutafuta. Baba alitafuna kitu kilichokuwa kimebaki kwenye meno, akamwita mbwa, na ikaisha hivyo. Mama alianzishiwa upya, yeye peke yake, mvua zikaja zikapita akiwa ndani ya boma, na hakuna shangazi, baba mdogo wala mzee wa kanisa aliyeinua mdomo kusema hii si haki.

Kuna siku, tukiwa tunachambua maharage, nilimwuliza. Nilikuwa na uchungu wa Babati na uchungu wa kumwona amefungiwa, vyote viwili, na nilitaka awepo wa kulaumiwa. "Mama, ulijua kwamba watakuanzishia upya?"

"Nilijua."

"Sasa ulikwenda kufanya nini? Nafasi nimeikosa vilevile. Umeteseka bure."

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa mlangoni.

"Sikwenda kwa ajili ya mbio," akasema. "Mtu alikuchapa kwa sababu ya mwanangu, na alikuwa hajui hata kwamba niliwahi kuwa naye."